Kansa ya mfupa: oparesheni au mionzi?

Pole sana ndugu. Umeuliza kijana wako wa miaka 15 mwenye uvimbe juu ya goti apasuliwe au apigwe mionzi tu. Kwanza angalia majibu ya kinyama (kile kipande cha uvimbe kinachokatwa kwenda kupimwa) yamesemaje maana kansa za mifupa hazifanani. Kama ni osteosakoma mionzi haiiwezi vizuri, hiyo ni kemo (dawa za kuua kansa) halafu oparesheni halafu kemo tena, na siku hizi oparesheni sio lazima mguu uende, mkiwahi wanatoa kipande cha mfupa wanaweka chuma. Ila kama ni Ewing, aina nyingine ya kansa ya mfupa, hiyo inasikia mionzi, ndo maana ikikaa pabaya kama nyonga au uti wa mgongo wanaichoma kwa mionzi, japo kwa mtoto anayekua mfupa uliochomwa unaweza kudumaa.

Mdogo wangu alikuwa na osteosakoma, tukapoteza miezi 4 tunamkanda mafuta kwa fundi wa mifupa, uvimbe ukafika saizi ya chungwa ngozi inang'aa, usiku halali analia tu, tulivyofika hospitali mguu haukuokoka. Leo anatembea na wa bandia, yuko dukani kwake.

Nakuomba sana msiukande huo uvimbe, na kama kinyama bado hakijatolewa, kipangwe na daktari yuleyule atakayepasua.