Barua kwa Mwanangu: Gavana Akiitwa Wizarani

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani Moshi hatujambo, baba yako anakusalimu. Uliniuliza kwenye simu: gavana wa benki kuu akiteuliwa kuwa Waziri wa Fedha, amepanda au ameshuka? Nilikuambia nitakuandikia, maana wewe mwenyewe umeanza kazi benki kuu na swali hili si la mzaha.

Tuanze na jirani yetu wa Marangu, Mzee Edwin Mtei. Ndiye gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, iliyofunguliwa Juni 1966. Kabla ya hapo Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja chini ya bodi ya sarafu, yaani chombo cha pamoja cha kutoa fedha. Hata mwaka haukuisha, likaja Azimio la Arusha na mabenki ya biashara yakataifishwa. Alidumu hadi 1974, akawa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika 1977 Mwalimu Nyerere akamkabidhi Wizara ya Fedha.

Chukua noti yoyote ya kwetu uitazame kwa karibu. Ina saini mbili, ya Gavana na ya Waziri wa Fedha. Karatasi ni moja, lakini wanaoisaini hawalali usingizi mmoja. Gavana hulinda. Serikali ikitaka kukopa kupita kiasi, anaweza kusema haiwezekani, na hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Waziri ndiye mwenye kuomba. Mishahara ya walimu, dawa za zahanati, mafuta ya magari ya jeshi, vyote vinamsubiri yeye, na Bungeni anaulizwa yeye sukari imepanda kwa nini. Juu yake yupo rais, ambaye neno lake ndilo la mwisho.

Mtei aliyaona hayo yote kwa miaka miwili. Fedha za kigeni zilizoletwa na bei nzuri ya kahawa zilikwisha. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaivamia Kagera, tukaingia vitani, na mwaka uliofuata mafuta yakapanda bei dunia nzima. Alizungumza na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lililotaka shilingi ishushwe thamani na matumizi yapunguzwe. Yeye aliona hakuna namna nyingine. Mwalimu akakataa, na Mtei akajiuzulu mwaka huohuo wa 1979. Januari 1980 Mwalimu aliwauliza mabalozi tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia.

Mimi nilikua katika miaka ya foleni za sabuni na sukari iliyofuata, kwa hiyo nina upande. Kwenye hesabu ya shilingi naamini Mtei aliona sawasawa. 1986, chini ya Rais Mwinyi, tulikubaliana na IMF na shilingi ikashuka vibaya kuliko ambavyo ingeshuka mapema. Lakini swali la Mwalimu nalo lilikuwa la haki, na sipendi kusikia vijana wasomi wakilibeza. Unga ukipanda bei usiku mmoja, anayelala njaa hakuwepo kwenye mazungumzo.

Mlinganishe na Manmohan Singh wa India. Alikuwa gavana kuanzia 1982 hadi 1985, akawa Waziri wa Fedha 1991 akiba ya nchi ya fedha za kigeni ikiwa inatosha kuagiza bidhaa za wiki chache tu. Naye alishusha thamani ya rupia, mara mbili ndani ya siku chache za Julai. Tofauti ni kwamba Waziri Mkuu, Narasimha Rao, alisimama nyuma yake.

Kwa hiyo mimi siiti kupanda wala kushuka. Ni kazi nyingine kabisa, na anayeikubali akiwa hajajua kama mkuu wake atamsikiliza siku mbaya ikifika, amejiweka pagumu. Mtei alijua la kufanya aliposhindwa kusikilizwa, na ninamheshimu sana kwa hilo.

Ukija likizo Desemba nataka unieleze ninyi mlioko ndani mnamwonaje.

Mama yako