Re: Ndege imeanguka ziwani, kampuni imeiba kisanduku cheusi, nimekwama

Habari ndugu. Umesema riwaya imegoma sura ya saba: ndege imetoka Entebbe, imeanguka ziwani, kampuni iliyoiunda ikaiba kisanduku cheusi, yaani kinasa kumbukumbu za safari, na sasa mpelelezi wako hana pa kushika.

Angalia kwanza huo wizi. Nami nilikwama hapohapo kwenye rasimu yangu, nikaufuta. Kwa kanuni za kimataifa, uchunguzi huongozwa na nchi ilikotokea ajali, yaani Uganda. Nchi iliyounda ndege hutuma wawakilishi. Kisanduku chenyewe kina rangi ya machungwa, na kikizama hutoa mlio ili kitafutwe.

Badala ya wizi, ifiche siri ya kampuni kwenye karatasi. Mwaka 1972 mlango wa mizigo wa ndege ya abiria aina ya DC-10 ulifunguka angani huko Amerika Kaskazini, ndege ikatua salama. Mhandisi wa kampuni iliyounda mwili wa ndege hiyo akaandika barua ya ndani: itatokea tena, na ndege itapotea. Machi 1974 ikatokea karibu na Paris. Wakafa watu 346! Mimi barua ile bado inaniuma. Mpe mpelelezi wako barua ya namna hiyo, yenye tarehe ya kabla ya ajali.

Halafu shahidi. Nilikaa Kigungu, mwalo wa wavuvi huko Entebbe, asubuhi mbili nikitazama wavuvi. Mtu anayekung'uta mukene (dagaa wa ziwani) wavuni huona kila kinachong'ang'ania nyuzi, hata kipande cha kitambaa cha kiti. Sura ianze mikononi mwake.

Ukishaiandika itupie hapa, nitaisoma.