Maswali ya Wasomaji: Mpelelezi Asiye na Haraka

Barua tatu za mwezi huu zimetoka Bukavu, na zote zinahusu riwaya na filamu za upelelezi za Uswidi na majirani zake, ambazo wengi wetu tunazipata kwa Kifaransa. Nimeanza na ile iliyonigusa zaidi, na jibu lake limekuwa refu kuliko mengine.

*Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mpwa wangu ameniazima riwaya ya Uswidi iitwayo Roseanna, akaniapia kwamba nikiianza sitaiweka chini. Nimefika ukurasa wa themanini na bado haijanishika. Polisi wanapiga simu, wanangoja barua, wanazungumza juu ya hali ya hewa. Mpelelezi mkuu ana mafua na tumbo linamsumbua. Muuaji sijamwona hata kivuli chake. Mimi nililelewa na hadithi za Bwana Msa, ambaye hutazama jambo na kulipambanua. Je, niendelee, au nimrudishie kijana kitabu chake? (Mwalimu wa sekondari, Kadutu)*

Mwalimu, endelea. Nakuomba hivyo kwa moyo wote, kwa sababu hicho unachokilalamikia ndicho kilichonifanya mimi nikipende kitabu hicho.

Kumbuka kinavyoanza. Ni mwezi wa Julai, kwenye malango ya maji ya Borenshult, katika mfereji wa Göta unaokatiza Uswidi. Mashine inachimbua tope ili vyombo viweze kupita, na ndoo yake inapanda ikiwa na mwili wa mwanamke. Hana nguo, hana kitambulisho, na hakuna mtu yeyote katika eneo lile aliyetangaza kupotelewa na ndugu. Msomaji aliyezoea hadithi za mbio atatarajia kwamba hapo hapo muuaji ataanza kusakwa. Lakini mpelelezi mkuu, Martin Beck, na wenzake hawana wa kumsaka, kwa kuwa hawajui hata aliyekufa ni nani. Wiki zinapita, kisha miezi, na jina linapopatikana linatoka ng'ambo ya bahari, katika mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska, Marekani. Sasa litazame tena jalada, Mwalimu. Jina lililoandikwa pale si la mpelelezi wala la muuaji. Ni la marehemu. Kurasa ulizozisoma hadi sasa ni kazi ya kumrudishia mtu jina lake kabla ya kumtafuta aliyemwua, na sidhani kama kuna njia ya mkato ya kuisimulia kazi hiyo bila kuidharau.

Sisi wa kando ya Kivu tunaujua uzito wa jambo hili. Mtu akiopolewa ziwani, wanaokusanyika ufukweni hawaanzi kwa kuuliza nani kamwua, huuliza kwanza, "Ni wa kwa nani?" Na mpaka swali hilo lipate jibu, hakuna wa kupelekewa habari, hakuna nyumba ya kuketi matanga, na maiti hukaa pale chini ya kitenge alichojitolea mama mmoja mpita njia. Ndiyo maana niliposoma jinsi wale polisi wa Uswidi walivyohangaika kulitafuta jina la yule mwanamke, niliona kwamba kitabu hiki kinasema nasi pia.

Walioandika ni wawili, Maj Sjöwall na Per Wahlöö, waandishi wa habari walioishi pamoja, ambao walifanya kazi usiku watoto wakiisha kulala, kila mmoja akiandika sura yake. Kati ya mwaka 1965 na 1975 walitoa riwaya kumi, kila moja yenye sura thelathini, na waliziona zote kuwa hadithi moja ndefu kuhusu uhalifu. Shabaha yao ilikuwa nchi yenyewe: Uswidi iliyosifiwa duniani kote kwa shule zake, hospitali zake na malipo ya wazee wake, nao walitaka kujua ni nani aliyesahauliwa katika sifa hizo. Waliokuja baadaye wamefuata njia waliyoifyeka wao, akiwamo Henning Mankell, ambaye mpelelezi wake, Kurt Wallander wa mji mdogo wa Ystad, alianza kujulikana mwaka 1991. (Mankell, kwa miaka mingi, aliyagawa maisha yake kati ya Uswidi na Maputo, ambako aliongoza jumba la maigizo la Teatro Avenida, na mimi naamini kwamba kuitazama nchi yake akiwa huku kwetu kulimsaidia kuiona vizuri zaidi.)

Kuhusu Bwana Msa, simpunguzii heshima hata kidogo. Mohamed Said Abdulla wa Unguja alimpa akili inayopita za wote waliomzunguka, na utamu wa hadithi zake ni kuifuata akili hiyo hadi ifike. Beck hana akili ya namna hiyo. Alicho nacho ni wenzake, mafaili na subira. Katika kurasa zinazokungoja, polisi wanawaandikia watu waliosafiri katika meli moja na yule mwanamke, watu waliokwisha tawanyika katika nchi mbalimbali, wakiwaomba picha walizopiga safarini. Kisha wanazikagua moja baada ya nyingine, kwa lenzi, wakitafuta amesimama wapi na amesimama karibu na nani. Hatimaye wanatazama filamu fupi iliyopigwa na mtalii, na katika filamu hiyo wanamwona yuko hai, akitembea kwenye sitaha kama abiria mwingine yeyote. Mimi nilipofika hapo nilikifunga kitabu na kukaa kimya kwa muda, nami nakuhakikishia kwamba usingeligusika na mwendo wake kama usingekuwa umepitia zile kurasa themanini.

Muuaji atakuja, usiwe na shaka, na mwisho wake utakushika koo, kwa sababu polisi wanapolazimika kumtega wanajua kwamba mtu huyo anaweza kuua tena. Soma sura mbili kila jioni, usizidishe.

*Ndugu Mhariri, katika hadithi za kaskazini polisi husema upesi kwamba mauaji mawili au matatu ni ya mtu mmoja. Wanajuaje? Na kwa nini mpelelezi humwendea mwendesha mashtaka kila mara, kana kwamba hana mamlaka yake mwenyewe? (Mwanafunzi wa sheria, Ibanda)*

Ndugu, swali lako la pili ni jepesi kwako kuliko kwa msomaji wa London, kwa maana umelikuta darasani. Nchini Uswidi, kesi nzito kama ya mauaji ikishapata mshukiwa, uchunguzi huongozwa na mwendesha mashtaka, na polisi hufanya kazi chini ya maelekezo yake. Hapa kwetu vilevile OPJ, yaani afisa wa polisi anayechunguza makosa, hutenda kazi chini ya usimamizi wa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Kwa hiyo mpelelezi anapopanda ngazi kwenda kuomba kibali cha kumkamata mtu, usimwone kuwa mnyonge. Anatimiza utaratibu ambao wewe mwenyewe utaufanyia kazi siku moja.

Swali la kwanza ni gumu zaidi. Katika kongamano lililoitishwa na FBI mwaka 2005, wataalamu walikubaliana kwamba muuaji wa mfululizo ni yule aliyeua watu wawili au zaidi katika matukio tofauti. Maana hiyo ni pana, na haimsaidii sana polisi aliyesimama mbele ya maiti. Yeye hutenganisha mambo mawili. La kwanza ni namna ya kuua, yaani silaha, saa, mahali, njia ya kumkaribia mhanga. Hiyo hubadilika, kwa kuwa muuaji hujifunza kutokana na makosa yake. La pili ni lile analolifanya bila ulazima wowote, kama vile kuulaza mwili kwa mpango fulani au kuchukua kitu kisicho na thamani, na hilo halibadiliki upesi kwa sababu linatoka ndani yake. Vinasaba vikipatikana mahali pa matukio mawili, ubishi umekwisha. Visipopatikana, kufananisha kunabaki kuwa dhana, na dhana ina hatari yake.

Hatari hiyo Uswidi iliionja nje ya vitabu. Katika miaka ya 1990, mgonjwa mmoja wa hospitali ya akili ya Säter, aliyejiita Thomas Quick, alikiri kuua watu zaidi ya thelathini. Alikuwa akimeza dawa nyingi za kutuliza akili, maelezo yake yalibadilika kila alipohojiwa, na hakukuwa na ushahidi wa kitaalamu uliomfunga na mauaji hayo. Hata hivyo mahakama zilimtia hatiani kwa mauaji manane. Mwaka 2008 aliyakana yote mbele ya mwandishi wa habari Hannes Råstam, na kufikia mwaka 2013 hukumu zote nane zilikuwa zimetenguliwa. Fikiria maana yake kwa zile familia. Waliambiwa kwamba muuaji wa mtoto wao amepatikana, wakalipokea neno hilo, wakajaribu kuishi nalo, kisha wakaambiwa kwamba sivyo, na wakati huohuo aliyeua kweli alikuwa ameachwa bila kutafutwa kwa miaka mingi. Mimi siwezi kusoma riwaya ya muuaji wa mfululizo bila kuikumbuka kesi hiyo, na nampima kila mwandishi kwa jambo moja: je, mpelelezi wake anathubutu kutilia shaka ungamo linalomfurahisha?

Nchi hiyohiyo ina kesi ya namna nyingine. Mwaka 2004, katika mji wa Linköping, mtoto wa kiume wa miaka minane na mwanamke wa miaka hamsini na sita walichomwa kisu barabarani asubuhi moja. Vinasaba vya muuaji vilikuwapo tangu siku ya kwanza, lakini havikulingana na vya mtu yeyote katika kumbukumbu za polisi. Maelfu ya wanaume walipimwa, miaka kumi na sita ikapita, na faili halikufungwa, mpaka mwaka 2020 muuaji alipofikiwa kwa kufuata ukoo wake kupitia vinasaba vya jamaa zake wa mbali. Soma kesi hizo mbili pamoja, Ndugu, kabla ya mtihani wako wa ushahidi.

*Mhariri mpendwa, vijana wangu wawili, wa miaka kumi na mitatu na kumi, wameanza kutazama filamu ya vipindi ya Bron, ile ya maiti iliyokutwa katikati ya daraja la Uswidi na Denmark. Je, kweli nchi hizo zina wauaji wengi namna hiyo? Na wameniuliza, kama jambo hilo lingetokea kwenye daraja letu la Ruzizi, mpakani mwa Kongo na Rwanda, faili lingechukuliwa na polisi wa upande gani? Nilishindwa kujibu. (Mama wa Bagira)*

Mama, hapana, si wengi. Uswidi ina watu zaidi kidogo ya milioni kumi, na kwa miaka ya karibuni wanaouawa ni mia moja hivi kwa mwaka, wengi wao katika magomvi ya magenge au nyumbani mwao, mikononi mwa watu wanaowajua. Muuaji wa mfululizo ni nadra sana kule. Amejaa katika vitabu kwa sababu humwezesha mwandishi kuwapitisha wapelelezi katika kila tabaka la jamii, toka kwa waziri hadi kwa asiye na makazi.

Kuhusu watoto, nakushauri uwazuie kwa sasa. Maiti ile iliyolazwa juu ya mstari wa mpaka, kwenye daraja la Øresund, ni nusu za watu wawili zilizounganishwa, na filamu inaionyesha wazi. Mtoto wa miaka kumi hana haja ya picha hiyo kichwani.

Ila swali lao ni zuri mno, na ndilo linaloianzisha hadithi nzima, kwa maana nusu moja ni ya upande wa Malmö na nyingine ni ya upande wa Copenhagen, hivyo wapelelezi wawili, Saga Norén wa Uswidi na Martin Rohde wa Denmark, wanalazimika kufanya kazi pamoja, kila mmoja na sheria za kwao. Mkubwa akifikisha miaka kumi na sita, itazame pamoja naye. Mtakapofika pale taa za daraja zinapozimika ghafla na kuwaka tena, isimamishe kidogo, umrudishie swali lake, umwache ajibu kwanza yeye.