Baba Amezikwa Juzi, Nami Nacheka Usiku

*Shangazi, natumai u mzima. Naishi Umoja, Nairobi, na mume wangu na watoto wawili. Baba tulimzika Kakamega wiki tano zilizopita, baada ya kuugua miezi minane. Alikuwa mtu wa redio. Jumapili nyumba yetu ilikuwa zilizopendwa tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Sasa siwezi kusikia gitaa la aina hiyo. Majuzi matatu ilicheza wimbo wa Daudi Kabaka tukiwa Jogoo Road, nikalia hadi makanga akadhani nimeibiwa simu.*

*Mume wangu ananiwekea mpira nichangamke, na mpira mimi siujui. Kinachonisaidia ni kimoja: watoto wakilala, najifunika blanketi na simu, natazama vipindi vya zamani vya Vitimbi kwenye YouTube. Nacheka peke yangu. Wiki jana dada yangu mkubwa alilala kwetu akanisikia. Akasema, "Udongo wa kaburi haujakauka na wewe unacheka?" Tangu siku hiyo sijatazama tena, na usingizi umenihama. Je, nimekosa? Kama sijakosa, nitazame nini, nisikilize nini?*

*Mwenye Blanketi, Umoja*

Mwanangu, pole sana. Hujakosa.

Nianze na dada yako, maana ndiye aliyekunyima usingizi. Nyinyi ni watu wa Kakamega. Ngoma ya isukuti hupigwa matangani, na ndiyo hiyo hiyo hupigwa harusini na mtoto akizaliwa. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sijawahi kusikia mpigaji akiambiwa asubiri udongo ukauke kwanza. Tena sijahudhuria matanga hata moja ambapo kufikia usiku wa pili hapakuwa na mjomba fulani akisimulia jinsi marehemu alivyokimbizwa na ng'ombe wake mwenyewe. Watu wanacheka hadi wanashika mbavu, kisha mmoja anaangua kilio, na wengine wanamfuata. Pale kicheko na kilio hukaa benchi moja.

Tatizo ni Nairobi. Mnazika Jumamosi, Jumatatu uko kazini. Matanga yako hayajaisha, ila benchi umebaki nalo peke yako, chini ya blanketi.

Sasa, kwa nini Vitimbi ikutulize na mpira usikutulize? Mume wako ana nia njema, umshukuru. Lakini mpira ni kungoja matokeo, na wewe umengoja matokeo miezi minane: majibu ya damu, majibu ya picha, daktari atasema nini kesho. Moyo umechoka kungoja. Mzee Ojwang wa Vitimbi unajua atafanya nini kabla hajafanya, na unajua mkewe, Mama Kayai, atamjibuje. Kurudia kitu unachokijua si utoto. Ni kupumzika.

Tena fikiri hili. Mzee Ojwang, yaani mwigizaji Benson Wanjau, Mkikuyu aliyetuchekesha miaka mingi kwa lafudhi ya Kijaluo, alifariki Julai 2015. Kwa hiyo hata kabla ya msiba wenu ulikuwa ukicheka na mtu aliyekwisha zikwa, na hakuna aliyekuambia unamkosea heshima. Mchekeshaji Charles Bukeko, Papa Shirandula wetu wa televisheni, alipofariki Julai 2020, mimi mwenyewe niliwatumia ndugu zangu vipande vyake kwenye WhatsApp huku machozi yakinitiririka. Tulicheka usiku kucha. Hayo pia yalikuwa matanga.

Kwa hiyo rudi kwa Vitimbi, ila toa simu chini ya blanketi. Ongeza Vioja Mahakamani. Naipenda kwa mtu aliyefiwa kwa sababu moja: mshtakiwa anaingia na utetezi wake wa ajabu, mashahidi wanazidi kuharibu, hakimu anatoa hukumu, basi. Kesi imeisha. Ukifiwa, ni vizuri kuona jambo, hata la kipuuzi, likifika mwisho kabla hujalala. Ndiyo maana nakusihi uachane kwa sasa na zile tamthilia za kila jioni zinazokukatia pale roho ilipo juu, na pia taarifa ya habari ya usiku. Nchi itaendelea bila wewe kwa mwezi mmoja.

Filamu ninayo moja, lakini si ya mwezi huu. Inaitwa Supa Modo, ya mwaka 2018, na mwelekezi wake ni Likarion Wainaina. Inahusu msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinachoshirikiana kumtimizia ndoto hiyo. Ni nzuri mno, lakini ina ugonjwa na ina kuaga. Itazame utakapokuwa tayari kulia, mume wako akiwa kando yako na leso.

Muziki ndio mgumu zaidi, maana picha unaweza kufumba macho, lakini sikio halina kifuniko. Usianze na nyimbo za baba. Anza na nyimbo zisizo na kumbukumbu yoyote ya nyumbani kwenu. Jaribu Kothbiro wa marehemu Ayub Ogada: nyatiti, nyuzi nane, sauti isiyo na haraka. Ni wa Kijaluo, na jina lake maana yake "mvua inakuja". Kama Kijaluo hukielewi, afadhali, maneno hayatakuchokoza.

Kisha, siku utakayojisikia, mrudie Kabaka. Mchana, si usiku. Uwe unafua, mikono iwe na kazi. Weka Helule Helule, wimbo mmoja tu. Watoto wawepo, uwaambie babu yao alikuwa akifanya nini wimbo ukifika hapa au pale, na kwamba Waingereza, kundi la The Tremeloes, waliurekodi upya mwaka 1968. Ukishindwa, zima. Kwenye matatu ulishambuliwa. Nyumbani kitufe kiko mkononi mwako.

Na usishangae kitu cha ajabu kikikufaa. Nilipofiwa na mume wangu nilitazama mieleka ya Wamarekani karibu mwaka mzima. Sheria zake sikuzijua, na hadi leo sizijui.

Lakini kama usingizi utaendelea kukukimbia, chakula hakipiti, au ukaanza kuona heri ungemfuata baba, hapo kipindi cha televisheni hakitoshi. Piga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Haina malipo, na wapo watu wa kukusikiliza.

Dada yako usimjibu kwa maneno. Naye anafiwa, ila yeye hajapata blanketi lake. Mwalike Ijumaa jioni, sima na mrenda, watoto wasilazwe mapema. Kabla hajaenda kulala, washa Vioja kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ndivyo mnavyofanya siku zote. Asipocheka, msimuulize. Akicheka, tena wa kwanza, tafadhali usimkumbushe alichokuambia.