Jike anamng'ata dume: usikimbilie kuwatenganisha

Mkuu, pole. Nimesoma ulichoandika mara mbili, maana yalinikuta hayohayo. Kwa anayeanzia hapa: jamaa ana klaunifishi (samaki wadogo wa baharini) wawili wa rangi ya chungwa kwenye tangi la lita 120. Wamekaa miezi minane bila shida, lakini hii ni wiki ya pili mkubwa anamkimbiza mdogo mchana kutwa, hadi mkia umeanza kuchanika. Anataka kumhamishia mdogo tangi jingine akapumzike.

Usimhamishe. Mimi wa kwangu nilimhamisha, na kule kumhamisha ndiko kulikomuua.

Kwanza elewa unachokiona. Klaunifishi anapoanguliwa hana jinsia. Akikomaa anakuwa dume, na aliye mkubwa kuliko wote kwenye anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye minyiri wanamoishi, ndiye anayekuwa jike. Jike akifa, dume wake anageuka jike na anayefuata kwa ukubwa anapanda kuwa dume. Akishageuka jike harudi tena kuwa dume. Kwa hiyo jike wako anapomng'ata mwenzake anamzuia asipande. Na huyo mdogo naye ana akili zake: mtafiti Peter Buston, aliyefanya kazi na samaki hawa huko Papua Guinea Mpya, alionyesha mwaka 2003 kwamba mdogo hujizuia kukua ili asimfikie aliye juu yake. Kubaki mdogo ndiyo kinga yake. Shika hilo, utaona baadaye lilivyoniumiza.

Kwa hiyo usikae ukimtazama jike, mtazame dume. Akifuatwa anafanya nini? Dume aliyekubali nafasi yake hujilaza ubavu mbele ya jike na kutetemeka mwili mzima kama mtu mwenye homa. Wengi wakiona hivyo wanadhani samaki anaumwa, wanakimbilia dawa. Ile ni shikamoo yake. Akishaamkia, jike huwa anapoa, anaendelea na mambo yake. Ukitulia karibu na kioo unaweza hata kusikia vimlio vidogo, tok-tok, wanavyogonganisha taya. Hayo ni mazungumzo. Jike anaweza kufukuza mara hamsini kwa siku na bado nyumba ikawa salama, ilimradi mdogo anaamkia, anakula, na usiku wanalala sehemu moja.

Sasa yangu. Mwaka 2017 nilikuwa na jozi kwenye tangi la lita 90 hapa Dar. Jike akaanza kama huyo wako. Roho ikaniuma, nikamtoa dume nikamweka peke yake kwenye tangi dogo sebuleni. Nikamlisha uduvi na kamba wa kukatakata mara tatu kwa siku. Mkia ukapona, akanenepa, akarefuka, na mimi nikawa naona fahari kila mgeni akija. Alikaa huko miezi mitano. Nilipomrudisha, Jumapili mchana, walikuwa karibu sawa kwa urefu. Hakutetemeka, hakujilaza. Walitazamana kidogo tu, kisha wakashikana midomo na kuzungushana hadi mchanga ukapanda juu. Niliwaachanisha kwa neti. Wakaonekana wametulia, nikasema ni ugeni, watazoeana. Jumatatu jioni narudi kazini namkuta nyuma ya pampu, mapezi yamebaki vijiti. Hakufika asubuhi.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba sikurudisha dume. Kule sebuleni hakukuwa na wa kumzuia, akakua, na kwa tabia ile naamini alikuwa ameshaanza kugeuka. Niliweka majike wawili kwenye chumba kimoja. Hata leo nikiona mtu ameandika "nimemtenga apumzike" moyo unashtuka.

Turudi kwako. Miezi minane ya amani halafu ghafla vurugu: kabla ya yote kachunguze kama wanajiandaa kutaga. Angalia jiwe au kioo karibu na wanapolala. Kuna sehemu imeng'atwang'atwa ikawa safi kuliko kwingine? Tumbo la jike limejaa? Kipindi hicho jike huwa mkali kwa kila kitu, na dume ndiye wa kwanza kusukumwa maana kazi ya kusafisha na kulinda mayai nyingi ni yake. Mimi nikiingiza mkono kusugua kioo siku hizo nang'atwa. Wakitaga utaona mayai ya rangi ya chungwa yamebandikwa safu safu, na dume anayapepea kwa mapezi. Huanguliwa baada ya wiki moja au zaidi kidogo, usiku, na fujo hupungua. Kama ni hilo, usiguse kitu.

Dalili za kukufanya uingilie ni nyingine. Mdogo amebanwa kona ya juu, karibu na uso wa maji, na hathubutu kushuka. Chakula kinapita mbele ya mdomo wake hali. Anapumua harakaharaka. Vidonda vimeingia kwenye nyama, si ncha za mapezi tu. Au anaamkia, anajilaza, anatetemeka, na jike bado anaendelea kumng'ata. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, na hapo usingoje kesho.

Ukifika huko, anayefungwa ni jike. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu watu wote hufanya kinyume. Tafuta kikapu cha plastiki chenye matundu, vile vya kuoshea mboga, kipya, hakijawahi kugusa sabuni. Kitundike ndani ya tangi hilohilo, jike akae humo siku nne hadi wiki, akimwona mwenzake na kumnusa. Mdogo apewe tangi zima azunguke, ale, ajue kila tundu. Wakati huo sogeza mawe, badilisha mpangilio, ili jike akitoka akute mtaa mgeni naye aanze kuuzoea upya. Mwachie jioni taa zikiwa zimezimwa. Nimefanya hivi mara mbili kwa jozi niliyonayo sasa, na mara zote mbili ilichukua siku tano. Ukimfunga mdogo badala yake, jike anabaki mwenye nyumba, na siku ya kumtoa mdogo anapokelewa kama mwizi.

Kuna jambo la mahali pa kukimbilia, ambalo nadhani ndilo tatizo lako kubwa. Hawa wa rangi ya chungwa si wa bahari yetu. Wetu huku ni yule wa kahawia-nyeusi mwenye mistari miwili myeupe, na yule wa mstari mmoja mweupe mgongoni. Hao wa mstari mgongoni nimewaona Mafia nikizamia: mkubwa mmoja, wa pili wake, na wadogo watatu kwenye anemoni moja pana kama sinia. Mkubwa akimfuata mdogo, mdogo anazama kwenye minyiri ya anemoni anatokea upande wa pili, kesi imekwisha. Picha yako inaonyesha jiwe moja katikati na mchanga. Huyo dume hana upande wa pili. Kwa lita 120 sikushauri ununue anemoni, inataka taa kali na maji yaliyotulia, na ikifa inaharibu tangi zima. Weka vyungu viwili vidogo vya udongo vya maua, vimelazwa, kimoja kila mwisho wa tangi. Ongeza mawe yenye mapango yanayopitika pande zote mbili, maana pango lenye mlango mmoja ni mtego.

Chakula gawanya mara mbili au tatu kwa siku, kidogokidogo, na ukimwage pande mbili kwa wakati mmoja. Jike hawezi kulinda kote.

Kuhusu wazo lako la kuongeza samaki wa tatu ili hasira zigawanyike: kwa klaunifishi, hapana. Atauawa huyo mgeni.

Na ikitokea siku umelazimika kubadilisha mwenza, mchukue kinda mdogo kabisa, nusu ya jike au chini ya hapo. Jozi yangu ya sasa ilianza hivyo, jike akiwa sentimita saba na dume tatu. Ana miaka mitano naye sasa, na bado kila asubuhi nikiwasha taa anamwamkia.

Leo usiku zima taa, subiri nusu saa, kisha mulika kwa tochi hafifu uone dume amelala wapi. Kesho niwekee hapa picha yao wakiwa sambamba nione tofauti ya urefu, na uniambie kama umeona jiwe lililosafishwa. Tutajua kama ni la mayai au la kikapu.