Mtoto msaliti na simba aliyemwita pembeni

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mzazi Mkristo anaweza kumruhusu mtoto wake asome riwaya zenye wachawi na wanyama wanaosema. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na jibu langu ni ndiyo, walau kwa kile kitabu cha simba, mchawi na kabati ambacho C. S. Lewis alikitoa mwaka 1950, cha kwanza kati ya vitabu saba vya Narnia. Ninacho kwa Kifaransa, jalada limekwisha kung'oka, na kila Jumamosi huwasomea watoto nikigeuza maneno kwa Kiswahili papo hapo.

Hadithi inaanza na ndugu wanne wanaoondolewa London kwa sababu ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Wanafunzi wangu hawakuhitaji maelezo: wapo waliokimbilia Sake volkano ilipolipuka Mei 2021, na wapo waliolala chini ya vitanda vita vilipoingia mjini Januari 2025. Ndani ya kabati la nguo wanaikuta Narnia, nchi ambayo mchawi ameifunga katika theluji isiyokwisha, isiyofikiwa na Krismasi. Mmoja wao, Edmund, anawauza ndugu zake kwa ajili ya peremende ya Kituruki, na mchawi anadai kwamba kwa sheria ya kale damu ya kila msaliti ni yake. Simba Aslan anakubali kuuawa mahali pake juu ya meza ya mawe, kisha anafufuka alfajiri.

Wengi hutaja msalaba hapo, na ni haki yao. Mimi hunishika zaidi jambo dogo linalotangulia. Edmund anapookolewa, Aslan anatembea naye faraghani asubuhi, mbali na wengine, na mwandishi anakataa kutuambia walichozungumza. Baadaye simba anamrudisha kwa ndugu zake na kuwaambia kwamba hakuna haja ya kumsemesha juu ya yaliyopita.

Niliposoma ukurasa huo, kijana wa miaka kumi hivi alinizuia kwa mkono na kuuliza, "Mwalimu, hawakumsimamisha mbele ya kanisa?" Nilijua anachokiuliza. Katika kanisa moja la mji huu nimeona kwa macho yangu mtoto akisimamishwa madhabahuni, akiitwa mchawi, akilazimishwa kukiri kwa sababu biashara ya baba wa kambo imeanguka, huku watu wazima wakiimba. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu kumsingizia mtoto uchawi, lakini watoto bado wanafukuzwa nyumbani kwa neno hilo. Wala simfananishi mtoto yule na Edmund, kwa maana Edmund alikosa kweli, bali mtoto yule hakukosa lolote. Nasema tu kwamba, ikiwa mwenye hatia halisi aliitwa pembeni na kufunikwa aibu yake, asiye na hatia tunamtendea nini sisi tunaojiita wa Kristo?

Najua kwamba Kumbukumbu la Torati 18 inakataza uaguzi na uchawi, na mzazi anayeogopa sura hiyo simlaumu. Aangalie lakini kila mmoja anafanya nini katika kitabu: mchawi anageuza viumbe hai kuwa mawe kwa fimbo yake, naye simba anayapulizia mawe hayo pumzi nayo yanakuwa hai tena, jambo ambalo msomaji wa Ezekieli 37 atalitambua mara moja. Mtoto hafundishwi kutamani ile fimbo.

Mahali pa kuwa mwangalifu papo. Aslan anakufa kwa ajili ya msaliti mmoja, ilhali Kristo alikufa kwa ajili ya wote, na hilo mtoto lazima aambiwe waziwazi. Na mwanafunzi aliyekariri 1 Petro 5:8, anayemjua simba angurumaye kuwa ni Ibilisi, anastahili kusomewa pia Ufunuo 5:5, panapotajwa Simba wa kabila la Yuda. Kwa hiyo mzazi asimwachie mtoto mdogo kitabu hiki peke yake. Amsomee kwa sauti. Sura ni 17, nasi tunasoma mbili kila Jumamosi. Ile ya kumi na tatu, ya mazungumzo ya faragha, wameniomba niirudie.