Re: Joto la bati, fundi anataka nusu kabla ya kazi

Mkuu, umeuliza kama umpe fundi nusu ya hela yote ndipo aje kuweka kizuia joto juu ya jipsamu, nyumba ya bati, Mbagala. Usimpe. Nunua vifaa mwenyewe, yeye mlipe ufundi kwa hatua.

Kwanza apande darini na tochi, nawe ukiwepo. Anayekutajia bei akiwa amesimama sebuleni, achana naye. Kama kizuia joto ni karatasi ya alumini, muulize upande wake unaong'aa utaangalia wapi. Upande huo lazima uelekee nafasi wazi ya hewa, angalau inchi moja, ukigandana na bati haufanyi kazi. Fundi wangu aliugandisha kwenye bati, saa nne usiku feni bado inapuliza moto. Tukabandua tukageuza, na bado akataka alipwe tena!

Matundu ya hewa kwenye fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa) yasizibwe. Kama atatumia sufi ya kioo (nyuzi laini za kioo za kuzuia joto), avae glovu na barakoa, na asizifunike taa zilizozama kwenye dari, zinachemka na zinaweza kuleta moto. Bati likivuja, ziba kwanza, sufi ikilowa imekwisha.

Hela ya mwisho mpe baada ya wewe mwenyewe kupanda kukagua.